Maji Kabla ya Jina

Dima Racho hakuwa na ng'ombe. Ukame ulikuwa umewamaliza wote na kumwachia mbuzi wachache na ngamia mmoja mzee asiyefaa kuuzwa wala kuchinjwa. Hakuwa na mke, kwa maana Abiba alikuwa ametangulia mbele ya haki. Hakuwa na meno ya mbele ya juu. Hakuwa na cheti chochote cha shule ila kile cha ngumbaru, masomo ya watu wazima, alichokitia kwenye fremu na kukitundika pale ambapo wenzake hutundika picha ya Makka. Hakuwa na rafiki serikalini, hakuwa na binamu bungeni, wala hakuwa na mtu wa kumpigia simu siku mambo yakiharibika. Na woga, kwa kauli yake mwenyewe, hakuwa nao. Katika vyote alivyokosa, hicho ndicho pekee alichojivunia kukikosa.

Jirani yake hapo mtaani Bula Pesa, mjini Isiolo, mzee M'Ikiara, aliyekuwa akiuza miraa tangu ndevu zake zikiwa nyeusi, alizoea kumwambia kwamba mtu asiye na woga ni sawa na gari lisilo na breki: linasifiwa na watoto, halipandwi na watu wazima. Dima alicheka. Utani wao ulikuwa mkongwe kuliko nyumba walizokaa.

Cheo alikuwa nacho kimoja. Katika kisima cha ukoo wao, upande wa Rapsu, Dima alikuwa aba herega, yaani mwenye zamu ya maji. Kisima chenyewe kilichimbwa kwa mikono na watu waliokufa zamani, na maji hupandishwa na vijana waliosimama ngazi kwa ngazi, wakirushiana ndoo huku wakiimba. Ng'ombe wa nani atangulie, ngamia wa nani angoje hadi kesho, hayo huamuliwa na aba herega. Hana bunduki wala askari. Ana neno lake tu, na neno hilo likivunjwa mara moja kisima huwa uwanja wa vita.

Juu ya zamu zote ilikuwako sheria moja isiyo na zamu. Mgeni akifika na kiu, hunywa kwanza. Akishakunywa ndipo anaulizwa jina, na ukoo, na habari za alikotoka. Dima aliipokea sheria hiyo kwa baba yake, na aliona kwa macho yake bei yake. Ilikuwa miaka ile ya vita vya shifta, wale waasi wa kaskazini, miaka ambayo Waborana huiita Gaaf Daba, watu walipofungiwa kambini na mifugo yao ikapigwa risasi. Askari walikuja, Racho akawanywesha. Shifta wakaja, akawanywesha. Askari wakamchapa kwa sababu ya shifta, na shifta wakamchapa kwa sababu ya askari. Racho alikufa akiwa na mgongo kama gome la mti, na hakuna aliyemsikia akijuta. Kwa Dima, ule mgongo ndio uliokuwa urithi wa nyumba.

Basi mwanawe wa mwisho, Liban, hakupenda ngazi za kisima. Alipenda injini. Alijifunza kufungua na kufunga jenereta katika karakana moja mjini, na baadaye akaajiriwa kutunza kisima cha mtambo huko Hara Boru, kijiji kidogo karibu na mpaka. Baba alinung'unika kwanza, kisha akaridhika. Maji ni maji, alisema, yapandishwe na wimbo au yapandishwe na dizeli.

Ndipo wapiganaji wakavuka mpaka. Polisi wa Hara Boru walikuwa wachache na waliondoka usiku. Chifu aliondoka nao. Asubuhi wanakijiji waliamka wakakuta bendera ngeni juu ya paa la shule, na mtu wasiyemjua akitangaza msikitini sheria mpya. Mwezi wa kwanza ukapita, wa pili ukaingia, na serikali haikuonekana. Waliobaki ni wale wasio na pa kwenda, na Liban alibaki pamoja nao, maana kijiji kizima na mifugo yake vilikunywa kwenye bomba moja, na bomba hilo lilimjua yeye tu. Wapiganaji nao walijaza mapipa yao hapo hapo.

Jeshi liliporudi na bendera kushushwa, Liban alipanda lori la mkaa akarudi Isiolo. Dima alimpokea barazani. Hakumuuliza mengi. Aliuliza kama mifugo ya watu ilikunywa, akajibiwa ilikunywa. Aliuliza kama watu walikunywa, akajibiwa walikunywa. Mzee akajipiga paja kwa furaha na kumwambia binti yake Sadiya alete chai. Liban alipokishika kikombe, chai ilimwagika kwenye sahani, ikamwagika tena kwenye kanzu. Sadiya alitazama ile mikono. Dima pia aliitazama, akasema ndivyo walivyo mafundi wa injini, mtetemo huwaingia kwenye mifupa.

Haukupita muda mrefu polisi wakaja kumchukua. Kuna mtu wa Hara Boru aliyekuwa ametaja nani aliwasha mtambo.

Walidhani ni jambo la kuulizwa maswali na kurudishwa nyumbani. Wakili waliyempata, binti wa Kimeru aitwaye Kagwiria, mpole wa sauti na mkali wa macho, ndiye aliyewafungua masikio. Aliwaeleza kwamba raia haachi uraia wake kwa sababu adui amekalia kijiji chake. Polisi wanaweza kukimbia, chifu anaweza kukimbia, lakini utiifu anaodaiwa raia unabaki pale pale juu ya kichwa chake, kama paa lililobaki baada ya kuta kubomoka. Amshike adui mkono kwa kusudi la kumsaidia, sheria inamwita msaliti, na adhabu yake inaweza kuwa kifungo cha maisha.

Dima akauliza kama maji ni mkono.

Kagwiria akasema mbele ya sheria maji ni mkono, chakula ni mkono, hata kumwonyesha njia ni mkono. Mlango wa kutokea ulikuwa mmoja. Sheria humsamehe aliyelazimishwa, tena si kwa kitisho cha siku zijazo. Lazima kiwe kitisho cha kuuawa pale pale, na kiwe juu yake muda wote wa tendo. Kwa hiyo mahakama ilitakiwa kumwona Liban kama mtu aliyetoa maji akiwa na mtutu kisogoni, kutwa, siku baada ya siku. Liban angelisema hilo mwenyewe. Mzee angeitwa kusaidia jambo dogo tu: hali aliyorudi nayo.

"Mzee, utaulizwa alikuwaje aliporudi," alisema. "Wewe sema ile mikono. Sema chai ilimwagika. Usiende mbele ya hapo."

Dima aliitikia kwa kichwa. Moyoni alijua haya ni maneno ya mawakili, watu wanaolipwa kutafuta tundu kwenye ukuta. Kwamba mwanawe alitoa maji kwa kutetemeka, hilo lilimpita kama upepo. Hakulibishia kwa sababu hakuliamini.

Siku ya ushahidi alivaa koti lake la harusi ya Sadiya na kofia nyeupe. Shahidi haruhusiwi kusikia wenzake wakisema, kwa hiyo alikaa nje kwenye benchi, Sadiya kando yake, wakati Liban akitoa maelezo yake ndani. Mlango ulikuwa mzito, na neno halikutoka. Dima alikaa kama mtu anayesubiri zamu ya kisima, mikono juu ya bakora, hana haraka.

Alipoitwa, karani alimwambia yupo mkalimani wa Kiborana. Dima akakataa. Alisema Kiswahili alikisoma kwa taa ya karabai akiwa mtu mzima mwenye watoto, na angependa mahakama ikisikie. Watu wachache walicheka kwa wema. Hata jaji alitabasamu.

Kagwiria alimwongoza vizuri. Alisema ile mikono. Alisema chai ilimwagika. Alisema usingizi wa mwanawe ulikuwa wa vipande vipande. Kagwiria akamshukuru na kuketi haraka, kama mtu aliyevusha yai barabara kuu.

Kisha akasimama mwendesha mashtaka. Dima alitarajia mtu wa kufoka. Huyu alikuwa kijana mwenye adabu, akamwamkia shikamoo mbele ya mahakama nzima, na akamwambia amesikia yeye ni aba herega, cheo ambacho wengi hapo hawakijui, labda angewaeleza. Nani aliwahi kumwomba Dima Racho aeleze hilo mbele ya jaji? Akaeleza. Alieleza ngazi na nyimbo. Alieleza zamu. Alieleza Gaaf Daba na mgongo wa baba yake. Jaji alikuwa akiandika, na Dima akawa anapunguza mwendo ili jaji apate kuandika kila kitu. Kagwiria aliinuka mara mbili kupinga, na mara mbili jaji akamketisha, akisema shahidi ni wa kwake mwenyewe na ushahidi unahusu.

"Na adui, mzee?" aliuliza yule kijana. "Mtu aliyekuja kuua?"

"Hata aliyemuua ndugu yangu. Mkuki anauacha ukingoni, anakunywa. Maswali baadaye."

"Liban ulimfundisha hayo?"

"Aliyanyonya."

"Sasa tusaidie. Kuna mtu ameiambia mahakama hii kwamba mwanao aliwapa wale watu maji kwa sababu ya woga. Wewe uliyemlea unasemaje?"

Dima akageuka akamtazama mwanawe kizimbani. Liban alikuwa akitikisa kichwa, kidogo sana, kama mtu anayefukuza nzi. Mzee aliona ni aibu inayomtikisa, aibu ya kusingiziwa mbele ya watu. Damu ikampanda.

"Woga? Nyumba ya Racho haijawahi kumnywesha mtu kwa kuogopa bunduki yake. Kwetu maji hayatolewi kwa woga. Mwanangu alitoa maji kwa sababu walikuwa na kiu."

Yule kijana akainama kwa heshima. Akasema hana swali lingine.

Kalamu ya jaji iliendelea kukwaruza. Dima alishuka akiwa amenyooka, na alipopita karibu na kizimba alimgusa mwanawe begani. Liban hakuinua uso. Kagwiria alikuwa ameshika kipaji cha uso kwa vidole viwili. Sadiya, aliyeingia nyuma ya baba yake, alikuwa tayari analia, na mzee akamwuliza kwa sauti ya chini kuna nini.

Hukumu ilisomwa mvua za vuli zikikaribia. Jaji alisema ameyapima maelezo ya mshtakiwa kuhusu kitisho. Alisema hata kwa maelezo hayo, hakukuwa na mlinzi mwenye silaha aliyebaki kwenye mtambo kutwa. Na hata kama angekuwa na shaka, shaka hiyo iliondolewa na shahidi wa upande wa utetezi, mzee mwaminifu, asiye na hila, ambaye mahakama haina sababu yoyote ya kumtilia mashaka. Tangu azaliwe, Dima hakuwahi kusifiwa na mtu mkubwa namna hiyo. Kifungo cha maisha kilifuata sifa hiyo katika pumzi ile ile.

Kwa siku nyingi mzee hakutoka barazani. M'Ikiara alimletea maziwa, akaketi bila kutafuna. Mwishowe alijaribu utani wao wa kale.

"Mborana, ungemwachia mkalimani yale maneno. Yangechelewa kidogo njiani, ungeyameza."

Dima hakucheka. M'Ikiara akaona aibu, akanywa yeye mwenyewe yale maziwa.

Alipopata nguvu alikwenda gerezani. Walikalishwa pande mbili za wavu, na askari jela mmoja, Mturkana aitwaye Lomuria, akasogea dirishani ili wazungumze. Dima alikuja na hotuba. Alikuwa amepanga kumwambia mwanawe kwamba babu yake alichapwa na pande zote mbili na hakujuta, na kwamba jina lao linatajwa kwa heshima hadi Gotu. Aliisema nusu. Liban alimsikiliza mpaka alipokwama.

"Abo, niliogopa," alisema.

Mzee akaishika bakora kwa mikono miwili.

"Walimleta Waqo, yule aliyekuwa akinisaidia na dizeli. Wakamlaza chini ya tangi. Walipomaliza na yeye, wakaniuliza mimi kama najua kuwasha mtambo. Kulikuwa na wanawake kwenye foleni na mitungi yao. Nilijikojolea, Abo, mbele yao."

"Hukuniambia."

"Uliniuliza lini? Uliuliza kama watu walikunywa."

Lomuria dirishani alijikohoza na kuendelea kutazama nje.

Liban alieleza kwamba baada ya siku ile hawakuweka mlinzi kwenye mtambo, kwa sababu hawakuwa na haja ya mlinzi. Walikwenda zao wakijua wakirudi maji yatakuwepo. Kila alipovuta kamba ya jenereta alimwona Waqo. Hilo ndilo aliloiambia mahakama siku baba yake akiwa kwenye benchi nje, na alisema alimwona jaji akisimamisha kalamu, akimtazama kama mtu anayetaka kuamini.

Dima alitafuta neno. Alilokuwa nalo lilikuwa la kisimani, na halikufaa hapo. Alitia vidole kwenye wavu. Liban akavigusa kwa vyake, na vilikuwa bado vinatetemeka, mwaka mzima bila kushika injini.

Rufaa ilikatwa, na ikatupwa. Kagwiria alikuwa amewaonya. Mahakama ya rufaa haiwaiti tena mashahidi, inasoma yale yaliyoandikwa, na yaliyoandikwa yalikuwa ni maneno ya Dima, yote, kwa mwandiko mzuri. Mzee aliuliza kama angeweza kwenda kusema alikuwa hajui. Kagwiria akasema sheria ina mlango wa kuingiza ushahidi mpya, lakini mtu kubadili neno lake baada ya hukumu si ushahidi mpya, ni baba anayelia. Alilisema kwa upole, na upole huo ulizidisha uchungu.

Kilichobaki ni kuomba msamaha kwa kamati ya serikali ya kusamehe wafungwa. Liban alikuwa ameshaandika ombi lake. Ilitakiwa barua ya familia, na Dima akasema ataiandika kwa mkono wake. Aliandika kurasa na kurasa. Alianza na wachimba kisima, akapita Gaaf Daba, akamalizia kwa kuuliza ni taifa gani linalomfunga mtu kwa maji. Kagwiria aliisoma yote mbele yake, pale ofisini kwake juu ya duka la vipuri, bila kuruka mstari. Kisha akaikunja.

"Mzee, hii ni barua ya mtu ambaye hajakosa. Kule hawawezi kumsamehe ambaye hajakosa."

Alimweleza inavyotakiwa. Iseme Liban alikosa. Iseme aliogopa. Iseme familia inajua kumpa adui maji ni kosa, na kwamba halitarudiwa.

"Halitarudiwa," alisema Dima, kama anayeonja kitu.

"Ndiyo, mzee."

Hakuiandika wiki hiyo. Alikwenda kisimani. Ilikuwa zamu ya ngamia, na vijana walikuwa ngazini wakiimba, na Dima akakaa mahali pake pa siku zote, kwenye jiwe lililolainishwa na makalio ya baba yake. Adhuhuri akaja mtu mmoja kwa miguu kutoka upande wa nyika, midomo imepasuka, kilemba kimejaa vumbi. Akatoa salaam aleikum. Wakamwitikia. Kijana aliyekuwa juu kabisa, mwenye ndoo iliyojaa mkononi, hakumpa.

"Kitambulisho," alisema.

Wimbo ukakatika ngazi kwa ngazi hadi chini. Kijana yule hakuwa mkorofi. Alikuwa amegeuza shingo anamtazama aba herega, na wote walikuwa wakimtazama, hata mgeni. Wote walijua Liban yuko wapi na kwa nini. Dima alifungua kinywa. Alimwona kila mmoja wa vijana wale nyuma ya wavu, na vidole vyake. Akakifunga kinywa.

Mgeni alipekua mifukoni kwa muda mrefu, akatoa kadi, ikasomwa, jina na mahali pa kuzaliwa, ndipo ndoo ikashushwa. Alikunywa bila kumtazama mtu, akaondoka bila kutoa habari za alikotoka. Hakuna aliyemuuliza. Dima alikaa kwenye lile jiwe hadi ngamia wa mwisho, na hakuna aliyemhitaji kwa uamuzi wowote.

Alirudi Isiolo, akamwomba Sadiya karatasi moja. Sadiya alitaka kumpa kadhaa, akasema moja inatosha. Aliandika mezani chini ya cheti chake, polepole, kwa herufi zile za duara alizofundishwa ngumbaru. *Mimi Dima Racho, baba wa mfungwa Liban Dima. Mwanangu aliogopa. Sikujua, na niliiambia mahakama kitu nisichokijua. Kuwapa maji watu wale lilikuwa kosa. Halitarudiwa. Tunaomba arudi nyumbani.* Alimpa Sadiya aisome kama kuna makosa ya tahajia. Sadiya alisoma, akasema hakuna, akaenda jikoni na kukaa huko.

M'Ikiara alimsindikiza hadi posta. Kagwiria alikuwa amewaagiza itumwe kwa rejista, ili isije ikasemekana haikufika. Kwenye kaunta kulikuwa na binti wa rika la wajukuu zao, kilemba chake cha kijani, akigonga mihuri bila kuinua kichwa. Dima aliitia karatasi katika bahasha. Aliinua bahasha mdomoni ili alowanishe gundi, na ulimi wake ulikuwa mkavu kama ngozi iliyoanikwa. Akajaribu tena. Hapakuwa na mate. Alisimama hapo na bahasha mdomoni, watu wakiwa kwenye foleni nyuma yake.

Binti akainua macho. Alichukua chupa yake ya maji iliyokuwa kando ya mizani, akaifungua na kuisukuma kwenye kaunta.

"Kunywa kwanza, guka," alisema, kama anavyomwita babu yake.

Dima akanywa. Kisha akatia tone kidoleni, akalipitisha ukingoni mwa bahasha, akakunja na kubana kwa kiganja mpaka ikashika. Akaisukuma mbele pamoja na ile chupa.

Binti akachukua kalamu. "Jina la anayetuma?"

Akamwambia. Binti akaandika, akabandika stempu, akagonga muhuri, na akaitupa barua ndani ya gunia nyuma yake pamoja na nyingine.